Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: P2P na TV shirikishi kwenye vifaa vya nyumbani

Haya ndo maswali yanayorudi kila mtu akinunua TV mpya au akianza kuunganisha simu, ruta na king'amuzi vifanye kazi pamoja. Kama ndo unaanza soma kuanzia juu. Kama tatizo lako ni moja tu ruka, maswali yana namba, na pale jibu likiwa limeshaelezwa sehemu nyingine utaelekezwa huko.

## Sehemu ya 1: Ya msingi

1. P2P ni nini hasa, na inaihusu vipi TV yangu?

P2P, kifupi cha peer-to-peer, ni vifaa viwili au zaidi kuongea vyenyewe kwa vyenyewe bila kupitia seva kubwa ya katikati, kila kifaa kinaomba na kila kifaa kinatoa. Kwenye mtindo wa seva TV yako inaomba video, seva inatoa, basi, TV yenyewe haimpi mtu chochote.

Nyumbani hii P2P inatokea sehemu mbili tofauti kabisa, na watu wanazichanganya mpaka majibu yanakuwa hayaeleweki. Ya kwanza ni ya ndani: simu inatuma picha kwenye TV, TV inasoma muvi iliyo kwenye kompyuta ya chumba kingine, spika inapokea muziki, yote hayo yanazunguka ndani ya waifai yako na hayatoki nje. Ya pili ni ya nje: programu iliyo kwenye TV au king'amuzi inachukua vipande vya video kutoka kwa watazamaji wengine usiowajua, na yenyewe inawapa wao vipande ulivyonavyo wewe. Ya ndani mimi naona kila mtu aitumie bila woga. Ya nje ielewe kwanza, sehemu ya 3 na ya 5 zimeeleza kwa nini.

2. Kwani P2P si ndo torenti tu?

Hapana. Torenti ni aina moja tu. Napster ya 1999 ilikuwa P2P ya nyimbo, ingawa orodha ya nani ana nini ilikaa kwenye seva zao na ndo maana ilipoamriwa kufungwa 2001 yote ikazima. BitTorrent ya Bram Cohen, ambayo ndo torenti yenyewe, ilitoka 2001 hiyo hiyo. Skype ilianza 2003 ikiwa P2P, Spotify ya kwenye kompyuta ilitumia P2P mpaka 2014, na Windows 10 ilipotoka 2015 ilikuja na uwezo wa kompyuta kupeana masasisho zenyewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema P2P ni wizi wa muvi ujue anaongelea matumizi, haongelei teknolojia yenyewe.

3. TV shirikishi ni nini? Si ndo TV janja?

Zinaingiliana ila si kitu kimoja. TV janja ni TV yenye kompyuta ndani na uwezo wa kuingia intaneti. TV shirikishi ni pale mtazamaji anapoweza kurudisha kitu, kupiga kura, kuchagua kamera, kurudisha kipindi mwanzo, kufungua maelezo ya mchezaji bila kuacha mechi. Kuna shirikishi ambayo haihitaji TV janja kabisa.

Na wazo lenyewe ni la zamani sana kuliko watu wanavyodhani. BBC walianza Ceefax mwaka 1974, kurasa za maandishi zinakuja pamoja na mawimbi ya TV, ikadumu mpaka 2012. Hiyo ilikuwa shirikishi nusu, manake ulikuwa unachagua ukurasa lakini hakuna kilichorudi kwao. Mwaka 1977 huko Columbus, Ohio, kampuni ya kebo ya Warner ikaleta QUBE, yenye vitufe vya kujibu maswali ukiwa kwenye kochi na majibu yanarudi studio kwa kebo ile ile. Ilifungwa miaka ya 80 kwa sababu gharama ilikuwa kubwa mno. Kitu kilichokosekana ni njia ya kurudi iliyo rahisi, na leo intaneti ndo imekuwa hiyo njia.

4. Lazima niwe na intaneti?

Kwa mambo ya ndani, kwa sehemu kubwa hapana. Ruta isiyo na bando bado ni ruta, inaunganisha vifaa vyako vizuri tu. Video iliyo kwenye kompyuta itacheza kwenye TV hata laini ya nje ikiwa imekatika. Kinachogoma ni programu zinazotaka kwanza ziulize seva ya kampuni, hizo soma swali la 6 na la 23.

## Sehemu ya 2: Vifaa kuonana ndani ya nyumba

5. TV inajuaje kwamba simu yangu ipo?

Kwa kupiga kelele mtandaoni. Kifaa kikiwaka kinatuma tangazo kwa wote walio kwenye mtandao huo, "mimi ni TV, naweza kucheza video, ukinitaka niko hapa", na simu ikitafuta inatuma swali kwa wote, "nani anaweza kucheza video?" Njia kubwa ni mbili. SSDP, ambayo ni ya familia ya UPnP (viwango vya vifaa kutambuana na kuungana vyenyewe), inatumia anwani 239.255.255.250 na poti 1900. Nyingine ni mDNS, anwani 224.0.0.251, poti 5353, hii Apple waliisambaza kuanzia 2002 na leo karibu kila mtu anaitumia.

Zingatia hili, tangazo hilo kwa kawaida haliruki kwenda mtandao mwingine, linaishia pale pale ulipo. Nusu ya matatizo yote ya kukasti, yaani kurusha video kutoka simu kwenda TV, yanatoka hapa.

6. DLNA, AirPlay, Miracast, kukasti: vinatofautianaje?

Jiulize kitu kimoja tu, video yenyewe inapita wapi. Ukishajua hilo majina hayakusumbui tena.

DLNA ni ya zamani, muungano wake ulianzishwa 2003, Sony akiwa mstari wa mbele. Hapa faili liko kwenye kompyuta, simu au diski iliyochomekwa kwenye ruta, na TV inalichukua na kulifungua yenyewe. Muungano wenyewe ulishavunjwa 2017 lakini itifaki haikufa, TV nyingi bado zinaielewa, na programu kama Kodi na Jellyfin zinaitumia mpaka leo.

Kukasti kwa Chromecast, kile kidubwasha cha Google cha kuchomeka kwenye HDMI kilichotoka 2013, ni kitu kingine kabisa. Ukikasti kutoka programu ya video, simu haitumi video. Inatuma anwani ya video, halafu kile kidubwasha kinaenda kuivuta chenyewe kutoka intaneti, simu inabaki rimoti. Ndo maana unaweza kutoka na simu yako na muvi ikaendelea, na ndo maana pia bila intaneti kinakuwa hakina cha kuvuta. Ukichagua kuonyesha skrini nzima hapo sasa simu inatuma picha kweli na betri inaisha haraka.

AirPlay ya Apple, tangu 2010, inafanya yote mawili kutegemea programu. Miracast ya 2012 iko kwenye Android nyingi na Windows, inatumia Wi-Fi Direct, yaani simu na TV zinaungana moja kwa moja hata ruta isiwepo. Kwa maana halisi ya kifaa kwa kifaa Miracast ndo P2P kuliko zote hizi, tatizo lake inatuma skrini nzima kama ilivyo, ukipokea meseji kila mtu sebuleni anaisoma, na ikikutana na waifai nyingi za majirani inakwama kwama.

Ushauri wangu: video zako mwenyewe tumia DLNA, huduma za kulipia tumia kukasti au AirPlay, Miracast iweke kwa ajili ya kuonyesha slaidi au picha kwa haraka.

7. TV haionekani kwenye simu, nifanyeje?

Hili ndo linaulizwa kuliko yote. Fuata mpangilio huu, usianze kwa kurisiti TV.

Kwanza hakikisha vyote viko mtandao mmoja. Ruta nyingi zina waifai ya wageni na simu yako inaweza kuwa imejikumbushia hiyo. Waifai ya wageni imetengenezwa makusudi vifaa visionane. Pia 2.4 na 5 GHz kwa kawaida ni mtandao mmoja hata zikiwa na majina mawili, kwa hiyo hiyo tofauti peke yake haina shida, ila kuna ruta zinazochuja matangazo yasivuke upande mmoja kwenda mwingine, jaribu kuviweka upande mmoja uone.

Pili angalia kama nyumbani kuna ruta mbili. Hii inatokea sana, mtu ana kifaa cha kampuni ya intaneti halafu akanunua ruta nyingine yenye nguvu akaichomeka nyuma yake, sasa kuna mitandao miwili na TV iko huku simu iko kule, na zote mbili zina intaneti safi kabisa kwa hiyo hakuna anayeshuku kitu. Dawa yake iweke ile ruta ya pili kwenye modi ya access point, igawe waifai tu, kazi ya kutoa anwani iachie ya kwanza.

Tatu zima VPN kwenye simu, yaani programu inayopitisha intaneti yako yote kwenye seva ya mbali, sababu iko swali la 20. Nne, kwenye iPhone na Android za karibuni programu inabidi ipewe ruhusa ya kuona vifaa vya mtandao wa ndani, ukikataa siku ya kwanza haitakuuliza tena, ingia setingi uiwashe mwenyewe. Tano tafuta kwenye ruta setingi inayotenga vifaa visionane, inaitwa AP isolation au client isolation, iondoe. Mwisho kabisa ndo uzime na kuwasha, anza na ruta, halafu TV, halafu simu.

8. TV inaliona faili lakini inasema haiwezi kulicheza

Mtandao hauna kosa hapo, ni kodeki, yaani njia iliyotumika kubana picha na sauti. Faili la MKV au MP4 ni mfuko tu, ndani kuna picha na sauti ambazo TV inaweza isizijue. Picha ya H.264 karibu kila TV ya leo inaicheza, H.265 TV za zamani zinagoma. Ukipata picha bila sauti mara nyingi sauti ni DTS, kuna kampuni zimeiondoa kwenye TV zao, Samsung kwa mfano kuanzia matoleo ya 2018. Jellyfin au Plex kwenye kompyuta inaweza kuigeuza video wakati inacheza, lakini hapo kompyuta iwe na nguvu kidogo. Sabtaito iweke kama faili la SRT lenye jina sawasawa na la video, TV nyingi zitaiokota.

9. Nikiwasha king'amuzi TV nayo inawaka, hiyo ni P2P pia?

Kwa namna yake ndio. Hiyo ni HDMI-CEC, waya mmoja ndani ya kebo ya HDMI ambao vifaa vinapeana amri, waka, zima, ongeza sauti, hamia kwangu. Iko taratibu sana, kama biti 400 kwa sekunde, lakini kwa amri fupi inatosha na kifaa chochote kinaweza kuanza mazungumzo. Kampuni zimeipa majina yao, Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync, ni kitu kile kile. Kama TV inajiwasha usiku bila sababu, au inahama chaneli yenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni CEC ya kifaa kilichochomekwa, izime kifaa kimoja kimoja mpaka umjue.

10. HAVi ilikuwa nini na iliishia wapi?

Nafurahi wanaouliza hili, kwa sababu HAVi lilikuwa jaribio zito la P2P sebuleni kabla waifai haijaenea. Mwishoni mwa miaka ya 90 kampuni nane, Grundig, Hitachi, Matsushita yenye jina la Panasonic, Philips, Sharp, Sony, Thomson na Toshiba, zilikubaliana TV, deki, kamera na redio ziunganishwe kwa kebo ya IEEE 1394, ile inayojulikana kama FireWire, na zitawalane zenyewe bila kompyuta. Uzuri wa kebo ile hakukuwa na bosi. USB ya wakati ule lazima kuwe na kompyuta inayotawala, ila 1394 iliruhusu mpaka vifaa 63 kwenye njia moja, kimoja kikichomolewa vilivyobaki vinajipanga upya, na ilitenga nafasi ya kudumu kwa video isikatike. Kifaa kilikuwa kinaweza kuipelekea TV programu ndogo ya Java yenye vitufe vyake, ili TV ijue kukiendesha hata kama haijawahi kukiona.

Halafu HDMI ikaja 2002 ikiwa na ulinzi wa maudhui ambao wenye muvi waliutaka, waifai nayo ikashuka bei, na watu hawakutaka kebo nyingine nyuma ya kabati. Lakini haikupotea yote. Sehemu ya HAVi ya kuchora vitufe na menyu iliingizwa kwenye MHP, kiwango cha TV shirikishi cha Ulaya, na mpaka leo imo ndani ya Java ya Blu-ray. Mimi naona wazo lake lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyofuata.

## Sehemu ya 3: P2P inayotoka nje

11. Video inakujaje kutoka kwa watu tofauti na bado inacheza kwa mpangilio?

Faili linakatwa vipande vidogo, kila kipande kina alama yake ya hesabu inayoitwa hashi. TV ikipokea kipande inakokotoa hashi, isipolingana inatupa na kuomba kwa mwingine, kwa hiyo mtu hawezi kukupachikia kipande cha uongo kirahisi. Kwenye torenti ya kawaida vinaombwa kwanza vipande adimu, ili visije vikapotea mwenye navyo akizima, na anayekupa wewe ndo unampa kipaumbele kumrudishia. Kama upatu, asiyechangia zamu yake inachelewa.

Kwa kutazama huku inavuta, mpangilio huo lazima ubadilike, vipande vya dakika hii vije kwanza, vile adimu baadaye. Ndo maana programu ya kupakua na programu ya kustrimu hazifanyi kazi sawa hata kama zote ni P2P.

12. Mbona jirani anashangilia goli kabla yangu?

Kwa sababu kila hatua inaongeza akiba ya sekunde. Hata bila P2P, kustrimu kwa HLS, njia inayotumika sana kutuma video kutoka seva, kunakata video vipande vya kama sekunde 6, na kichezeshi kinaanza vipande vitatu nyuma, hapo umeshachelewa sekunde 18 bila kuhesabu njiani. P2P ya moja kwa moja inaongeza tena, kwa sababu kipande kinapita kwa mtazamaji mmoja kabla hakijafika kwako. Ukiona goli ni lazima uwe wa kwanza tumia antena au dishi, hakuna setingi ya kuondoa hili.

13. Kama P2P ni nzuri hivyo kwa nini huduma kubwa ziliiacha?

BBC iPlayer ilipoanza 2007 ilitumia P2P kwa vipindi vya kupakua, mwishoni mwa 2008 wakaiacha. Joost, ya watu wale wale walioanzisha Skype, Niklas Zennström na Janus Friis, ilikuja 2007 kama TV ya P2P na mwaka uliofuata ikahamia kwenye kivinjari bila P2P. Sababu zinafanana. Gharama za seva na mitandao ya kusambaza video zilishuka sana, watumiaji walilalamika kompyuta zinakuwa nzito na laini inajaa bila wao kujua, na simu zikachukua nafasi, simu ambayo betri na bando ni vya kuhesabu haiwezi kuwa msambazaji mzuri. Na laini nyingi za nyumbani kupakia ni polepole kuliko kupakua, kwa hiyo watazamaji wenyewe hawatoshi kulishana.

China hali ilikuwa tofauti, PPLive na PPStream zilikaa miaka mingi zikiwa na watazamaji wengi mno kwa P2P. Na P2P inarudi kwa mlango mwingine, ona swali la 16.

14. Inakula bando kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Video ya megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2.25 kwa saa. Hiyo ni kupokea tu. Kama programu inagawa sawa na inavyopokea, ni 4.5 kwa saa, na wanaotoza bando wengi wanahesabu kwenda na kurudi. Video ya 4K ya megabiti 25 ni gigabaiti 11.25 kwa saa kabla ya kugawa.

Kwa hiyo kwenye programu yoyote ya P2P kitu cha kwanza tafuta sehemu ya kuweka kikomo cha kupakia. Kama haipo, na bando lako lina mwisho, achana nayo. Halafu angalia inaendelea kugawa ukishatoka? Nyingi zinaendelea nyuma ya pazia. Upande wa ndani hauna hili tatizo, kukasti video iliyo kwenye kompyuta yako hakugusi bando hata kidogo.

15. Programu inasema imeshindwa kuunganishwa na wengine, NAT ni nini?

Ruta yako inavificha vifaa vyote nyuma ya anwani moja. Hiyo ndo NAT. Ukianza wewe kutoka ndani kwenda nje inajua jibu ni la nani, mtu wa nje akianza yeye haijui impeleke kwa nani, anaachwa mlangoni. Programu zinazunguka hili kwa kusaidiwa na seva inayoziambia zote mbili anwani zao za nje, kisha zinatumiana kwa wakati mmoja, na ikishindikana kabisa video inapitishwa kwenye seva ya kati, hapo si P2P tena.

Tatizo zaidi ni pale kampuni ya intaneti nayo inapokuweka nyuma ya NAT yake pamoja na wateja wengine. Ukiangalia anwani ya nje kwenye ruta ukaikuta kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 ujue ndo hali yako. Kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia chochote. Omba anwani ya umma au tumia IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za intaneti, kama ipo.

16. Kivinjari kinaweza kufanya P2P bila mimi kusakinisha kitu?

Ndio, kwa WebRTC, ambayo ni kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu Januari 2021. Ilianza kwa ajili ya simu za video ila inabeba data yoyote, na kuna tovuti za video zinazoitumia watazamaji wapunguziane mzigo. PeerTube ni mfano mzuri, na unaweza kuizima hiyo P2P kwenye setingi zake. Tovuti inayofanya hivyo bila kukwambia mimi naona inakukosea, bando ni lako.

## Sehemu ya 4: Kitufe chekundu

17. Ile alama ya kitufe chekundu inafanyaje kazi?

Kwenye nchi zinazotumia HbbTV, kiwango cha TV shirikishi kilichotoka ETSI, shirika la viwango la Ulaya, mwaka 2010, kituo kinaweka ndani ya mawimbi jedwali dogo lenye anwani ya ukurasa. TV ikilisoma inaufungua ukurasa huo kimya kimya juu ya picha, wa HTML kama tovuti nyingine, na unaona tu alama nyekundu pembeni. Ukibonyeza menyu inafunguka. Yaani picha inatoka angani na ukurasa unatoka intaneti, vinakutana kwenye skrini. Brazil wana ya kwao, Ginga, iliyotoka kwenye vyuo vikuu vyao, na inaweza kutuma programu nzima kupitia mawimbi hata kwa asiye na intaneti.

18. Kwangu haitokei

Angalia vinne. Kituo chenyewe kinaitoa? TV iko kwenye intaneti? HbbTV imewashwa kwenye setingi, manake TV nyingine zinakuja imezimwa? Na unatazama kupitia antena ya TV yenyewe? Kama picha inaingia kwa HDMI kutoka king'amuzi, TV inapata picha tu, lile jedwali linabaki kwenye king'amuzi.

## Sehemu ya 5: Usalama na faragha

19. Nizime UPnP kwenye ruta?

Zima, na usiogope TV haitaacha kuonana na simu. UPnP ni jina moja la mambo mawili. Kuna ya kutambuana ndani, tuliyoiona swali la 5, hiyo haina shida. Halafu kuna ya kuiambia ruta "nifungulie poti kwa nje", na hiyo haiulizi pasiwedi, programu yoyote ndani ya nyumba inaweza kuomba. Ile setingi ya kwenye ruta ni hii ya pili. Januari 2019 wadukuzi walizikuta maelfu ya Chromecast na TV zikiwa wazi kwa dunia nzima kwa sababu hii, wakazichezesha video yao wenyewe. Ukizima, gemu au programu ya P2P inaweza kulalamika, mfungulie hiyo moja kwa mkono.

20. Nikitumia VPN mambo yanakuwaje?

Kwenye P2P ya nje, kila unayepeana naye vipande anaiona anwani yako ya IP, lazima aione ndo akutumie. VPN inaificha kwa hao wengine, japo mwenye VPN bado anakuona. Kwa ya ndani VPN ni kikwazo, simu inapeleka kila kitu nje kwenye handaki na tangazo la TV halifiki. Tafuta setingi ya kuruhusu mtandao wa ndani, au izime wakati unakasti.

21. TV inanipeleleza?

TV nyingi janja zina ACR, inachukua sampuli za picha iliyo kwenye skrini na kuzilinganisha na orodha ili kujua unatazama nini, hata kama inatoka HDMI. Mwaka 2017 Vizio walikubali kulipa dola milioni 2.2 Marekani baada ya mamlaka kusema walikusanya taarifa za TV milioni 11 bila ruhusa ya wenyewe. Zima ACR kwenye setingi za faragha, kila kampuni ina jina lake, tafuta neno linalotaja kutambua maudhui au matangazo yanayokulenga.

Kitufe chekundu nacho kina lake. Ukurasa unafunguliwa hata kabla hujabonyeza, kwa hiyo kituo kinaweza kujua TV yako iko kwao. Na 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba mtu mwenye mtambo wa kurusha mawimbi anaweza kupachika ukurasa wake kwenye HbbTV za jirani. Kama hutumii, izime.

Juu ya yote ogopa visanduku vya Android visivyo na jina vinavyoahidi chaneli zote bure. Juni 2025 FBI walitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, vifaa vya aina hii vinavyokuja na virusi tangu kiwandani au kupitia programu za wakati wa kuvisajili, na vinageuza intaneti ya nyumbani kuwa njia ya wahalifu kupitisha mambo yao. Hiyo nayo ni P2P, ila wewe hukuulizwa. Kukifuta na kuanza upya hakutoshi kama virusi viko kwenye firmwea, ile programu ya ndani kabisa ya kifaa, kichomoe.

Na kuhusu sheria, kumbuka tu kwamba kwenye P2P unatazama na kusambaza kwa wakati mmoja, na sheria nyingi zinamwangalia msambazaji kwa ukali zaidi.

## Sehemu ya 6: Hali za pembeni

22. Niko hosteli, waifai yao hairuhusu vifaa kuonana

Wamefanya hivyo makusudi na ni kwa usalama wako, bila hivyo mtu wa chumba cha pili angekasti kwenye TV yako. Tumia Miracast, haihitaji waifai yao. Au beba ruta ndogo ya safari, iungane na waifai yao na itoe ya kwako ndani ya chumba. Hotspoti ya simu nayo inafanya, ila ukivuta video kutoka nje bando la simu ndo litalia. Kama ni faili lako kebo ya HDMI inamaliza kila kitu.

23. Kampuni ikizima seva zake TV yangu itabaki na nini?

Itabaki na kila kinachokaa ndani: antena, HDMI, CEC, DLNA, Miracast. Vitakavyokufa ni programu na chochote kinachotaka ruhusa ya seva. Machi 2025 Chromecast za toleo la pili ziligoma kukasti duniani kote kwa sababu cheti cha usalama kiliisha muda, vifaa vizima kabisa na waifai iko sawa, watu wakasubiri mpaka Google wakatuma sasisho.

Kwa hiyo kabla ya kununua fanya jaribio hili dukani au ndani ya siku za kurudisha: chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, acha waifai iwake, halafu jaribu kucheza video kutoka kwenye simu yako. Kama TV inakataa hata kuanza, ujue kila utakachokifanya nayo kitategemea kampuni hiyo iendelee kutaka.